Dakika 10 za Roy Kerr

Alipewa dakika 10 tu. Ilikuwa Desemba 1963, mjini Dallas, Texas, wiki chache baada ya Rais Kennedy kuuawa kwa risasi katika mji huohuo. Wanasayansi wapatao 300 walikuwa wamekusanyika kujadili kitu kilichowakosesha usingizi mwaka mzima: kwasari. Kwenye darubini zilionekana kama nyota za kawaida, kumbe zilikuwa mbali mno, na ili mwanga wake utufikie ilibidi kila moja iwe inang'aa kuliko galaksi nzima. Wanaastronomia walikuwa na picha, walikuwa na vipimo, na mabishano ndiyo usiseme. Maelezo hawakuwa nayo. Ndipo akasimama kijana wa miaka 29 kutoka Nyuzilandi, mwanahisabati, akaanza kueleza jawabu jipya la milinganyo ya Einstein.

Wengi hawakumsikiliza. Kip Thorne, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kupata Tuzo ya Nobel, amesimulia tukio hilo katika kitabu chake: baadhi ya wanaastronomia waliteleza nje kwenda kubishana kwenye korido, wengine walibaki wakinong'onezana, wengine walisinzia. Kwa lugha ya mtaani, jamaa alikuwa akimpigia mbuzi gitaa. Alipomaliza, Mgiriki mmoja aliyeitwa Achilles Papapetrou alishindwa kuvumilia. Akasimama na kuwakemea. Akawaambia kwamba yeye na wenzake walikuwa wamelitafuta jawabu la namna hiyo kwa miaka mingi, wengine hadi 30, na sasa limepatikana mbele yao nao wanasinzia. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Kisha mzungumzaji aliyefuata akazirudia kwasari, na ukumbi ukaamka.

Kisa hiki nilikisoma mara ya kwanza saa nane usiku, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili katika hisabati. Nilichelewa kulala kwa sababu ya tarehe. Mkutano wa Dallas ulikuwa wa tarehe 16 hadi 18 Desemba 1963. Siku nne kabla ya kufunguliwa, tarehe 12, Kenya ilikuwa imepata uhuru. Nilicheka peke yangu nikaandika pembeni mwa daftari: "Wiki ileile!" Niliichukulia kama sadfa, kama vile mtu anavyogundua kwamba amezaliwa siku moja na mwanasoka fulani. Baadaye nilikuja kuona kwamba kati ya kazi ya yule kijana na siku yetu ya uhuru kuna uzi wa kweli, na kwamba uzi huo unapita baharini, mahali ambapo babu yangu alikuwa akivua samaki. Lakini kwanza nimalizane na Kerr.

Roy Kerr alizaliwa mwaka 1934 huko Kurow, mji mdogo wa Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Alipoingia chuo kikuu cha Canterbury, Christchurch, mwaka 1951, aliruhusiwa kuanza moja kwa moja na hisabati za mwaka wa tatu. Akaenda Cambridge kwa uzamivu, akamaliza 1959. Kisha Marekani: Syracuse kwanza, halafu kituo kimoja cha utafiti cha jeshi la anga huko Ohio (ndiyo, jeshi la anga la Marekani wakati huo lilikuwa likilipia watu wafikirie uvutano), na mwaka 1962 akajiunga na kundi ambalo Alfred Schild alikuwa akilijenga katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin.

Tatizo alilokutana nalo ni rahisi kulieleza, ingawa lilikuwa limewashinda watu kwa karibu nusu karne. Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu, ambamo uvutano hauhesabiwi tena kuwa kamba isiyoonekana inayovuta vitu. Uvutano ni mpindo wa nafasi na wakati wenyewe. Milinganyo inayoeleza mpindo huo ni ya kutisha: 10 kwa jumla, na kila mmoja umeshikamana na mingine, ukigusa mmoja yote inatikisika. Einstein mwenyewe hakutarajia kwamba mtu angepata jawabu kamili upesi. Karl Schwarzschild, mwanaastronomia wa Kijerumani aliyekuwa jeshini upande wa mpaka wa Urusi, akalipata kabla mwaka huo haujaisha. Alieleza nafasi na wakati vinavyokuwa nje ya kitu cha duara kamili, kilichotulia tuli. Mwezi Mei 1916 alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa.

Shida iko kwenye hayo maneno mawili, "kilichotulia tuli". Hakuna kitu cha namna hiyo angani. Jua hujizungusha, kwenye ikweta yake huchukua kama siku 25 kukamilisha mzunguko mmoja. Dunia hujizungusha. Kila nyota hujizungusha, na nyota inaponywea ndani kwa uzito wake yenyewe, mzunguko huo huongezeka kasi, kama mtu anayezunguka huku amenyoosha mikono kisha akaikunja kifuani. Kwa hiyo jawabu la Schwarzschild, pamoja na uzuri wake wote, lilikuwa sawa na kueleza mchezo wa pia kwa kuichora pia ikiwa imelala kabatini. Kilichotakiwa ni pia inayozunguka. Mwaka 1918 yalipatikana makadirio, mazuri kwa kitu kinachozunguka polepole. Jawabu kamili halikupatikana. Miaka 10, 20, 40. Watu wenye akili kubwa walijaribu na kukwama, wengine wakaanza kuamini kwamba halipo.

Mwaka 1963 Kerr alipata habari za makala ambayo ilikuwa bado haijachapishwa. Ezra Newman na wenzake wawili walikuwa wamechunguza familia fulani ya majawabu, yenye mpangilio maalumu wa jinsi miali ya mwanga inavyopita ndani yake, na hesabu zao zilionyesha kwamba njia hiyo haina kitu cha maana upande wa mzunguko. Ndiyo njia ambayo Kerr alikuwa akiipitia. Mtu mwingine angefunga daftari. Kerr aliichukua makala ile akaitafuta hatua moja iliyobeba uzito wote, akaikagua, akakuta ina kosa. Mlango ambao wenzake waliamini umefungwa ulikuwa umesindikwa tu.

Hapa lazima niseme kwa nini sehemu hii ndiyo iliyonishika kuliko zote. Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu niliandika "ni dhahiri kwamba", halafu nikaweka hatua niliyoinakili kutoka kwa makala maarufu ambayo nayo ilisema ni dhahiri. Msimamizi wangu aliuliza swali dogo tu: dhahiri kwa nani? Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba hatua ile ni kweli, lakini kwa sharti moja ambalo mimi sikulitimiza. Sura nzima ikaanguka. Nilimlaani kila mtu aliyewahi kuandika maneno hayo, nikiwemo mimi. Kwa hiyo ninapomwona Kerr akienda moja kwa moja kwenye kiungo kinachoshikilia mnyororo, ninaelewa kwamba alikuwa na kipaji, ndiyo, lakini pia alikuwa na ukaidi wa aina fulani. Hakukubali kuambiwa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi. Aliongeza masharti mawili ya kawaida: kitu kisibadilike kadiri muda unavyopita, na kiwe na ulinganifu pande zote za mhimili wake. Akataka pia kwamba mbali kabisa na kitu hicho nafasi iwe imenyooka kama kawaida. Milinganyo ile ya kutisha ikaanza kuachia. Mwishoni zikabaki namba mbili tu. Ya kwanza ilikuwa tungamo, hilo lilieleweka. Ya pili ilikuwa bado haijulikani inapima nini.

Kerr mwenyewe amesimulia kilichofuata. Alimwambia Schild kwamba anataka kujua kama kitu kile kinazunguka. Schild akakaa kwenye kiti ofisini akivuta kiko, Kerr akakaa mezani akivuta sigara moja baada ya nyingine, akihesabu. Hakuna aliyesema kitu. Chumba kilijaa moshi. Kisha Kerr akainua kichwa akasema kinazunguka. Kwa maelezo yake, Schild alifurahi kuliko yeye.

Makala yake ilitoka Septemba 1963 katika jarida la Physical Review Letters. Ilichukua kurasa 2. Nimeichapisha nikaibandika ukutani juu ya meza yangu, na wageni wanaokuja chumbani hudhani ni risiti ya kitu.

Sasa, ndani ya hizo kurasa mlikuwa na nini? Chukua sufuria ya uji mzito. Simamisha mwiko katikati, kisha uuzungushe palepale ulipo, kama unavyozungusha ufunguo. Uji ulioushika mwiko utaufuata. Ulio mbali kidogo utavutwa kwa uvivu. Ulio ukingoni mwa sufuria hautajua kama kuna lolote. Sasa dondosha punje ya mchele karibu na mwiko: punje haina nia ya kuzunguka, lakini itabebwa. Katika jawabu la Kerr, kinachobeba ni nafasi yenyewe, pamoja na wakati. Kitu kinachozunguka huikokota nafasi iliyo jirani.

Ukisogea karibu zaidi unafika eneo ambalo kusimama hakuwezekani. Sisemi ni vigumu. Uwe na injini ya nguvu yoyote, uelekeze upande wa kinyume, bado utazunguka upande ule ambao shimo linazunguka, kwa sababu ili usimame ungepaswa kuishinda kasi ya mwanga. Unaweza kutoka humo. Kusimama tu ndiko huwezi. Nakumbuka siku nilipoihesabu hii kwa mkono wangu mwenyewe, namba moja katika mlinganyo ikabadilika kutoka hasi kuwa chanya, na hiyo ndiyo habari yote: alama ndogo kwenye karatasi, na maana yake ni kwamba kuna mahali ulimwenguni ambapo utulivu umepigwa marufuku. Ndani zaidi kuna mpaka ambao ukishauvuka hata mwanga haurudi. Na ndani kabisa, kwa mujibu wa hesabu, kuna pete. Pale kwa Schwarzschild kila kitu huishia kwenye nukta moja. Kwa Kerr, mzunguko umeifungua nukta ikawa pete.

Hivyo ndivyo alivyokwenda navyo Dallas. Sidhani tuwalaumu sana waliosinzia. Jina lenyewe "shimo jeusi" lilikuwa bado halijazoeleka. Lilikuja kuenea baada ya mwaka 1967, John Wheeler alipoanza kulitumia. Mwanaastronomia wa mwaka 1963 aliona ubaoni milinganyo isiyo na anwani, inayoeleza kitu ambacho hakuna aliyekiona wala aliyekitafuta. Angewezaje kujua kwamba kwasari, zile zilizomtoa nyumbani kwake hadi Dallas, ndizo zilizokuwa zikielezwa na yule kijana? Leo tunaamini kwamba katikati ya kila kwasari kuna shimo jeusi kubwa mno, linalozunguka, likimeza gesi. Jibu lilitolewa ukumbini mle, na waliokuwa na swali walikuwa kwenye korido.

Wanahisabati na wanafizikia wa nadharia waliamka mapema zaidi. Mwaka 1969 Roger Penrose alionyesha jinsi nishati inavyoweza kuchotwa kutoka kwenye mzunguko wa shimo. Kati ya 1967 na 1975, kazi za Werner Israel, Brandon Carter na David Robinson zilijenga hoja ya ajabu: shimo jeusi lililotulia, lisilo na chaji ya umeme, halina budi kuwa lile la Kerr. Nyota iliyokufa ingeweza kuwa ya chuma au ya hidrojeni, na historia yake iwe ndefu kiasi gani. Ikishakuwa shimo, vyote vinafutika na kubaki namba mbili, tungamo na mzunguko. Mimi siwezi kujieleza kwa namba mbili hata kwenye fomu ya mkopo.

Lakini yote hayo yalikuwa karatasi. Hakuna aliyekuwa na shimo.

Kaskazini mwa Malindi, ukifika Ngomeni na kutazama baharini, utaona majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu mirefu, yamechoka kwa kutu. Moja linaitwa San Marco, jingine Santa Rita. Ni ya Waitalia. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ndiye aliyeasisi mradi huo, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka pale. Sababu ya kuchagua bahari yetu ni mzunguko, tena mzunguko. Ngomeni iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta ardhi hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kutoka hapo huondoka ikiwa tayari imesukumwa. Mashariki yake ni bahari tupu, kikianguka chuma hakimwangukii mtu kichwani.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka pale setilaiti ndogo ya Wamarekani, ya kilo kama 140. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei zinazotoka angani. Mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, ndiye aliyeipa jina kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile: Uhuru.

Hewa yetu huzuia eksirei za angani, na ni vyema iwe hivyo, vinginevyo tusingekuwepo. Kabla ya hapo, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa huko juu ikifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama 12, ikifagia anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kila kimoja katika orodha hiyo kina jina lenye herufi U, yaani Uhuru. Wanaastronomia wa Japani au Ujerumani wanaoandika 4U 1956+35 kwenye makala zao wanaandika Kiswahili bila kujua. (Hiyo 1956 si mwaka, ni anwani ya mahali angani. Mimi mwenyewe nilikosea mara ya kwanza.)

Na hiyo 4U 1956+35 ndiyo hasa ninayoitaka. Jina lake la kawaida ni Cygnus X-1. Roketi zilikuwa zimeigundua tangu 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei zake hupepesa kwa haraka, chini ya sekunde moja. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko muda ambao mwanga hutumia kukivuka. Kwa hiyo kilichokuwa kikipepesa, pamoja na nguvu zake zote, kilikuwa kidogo mno kuliko nyota ya kawaida. Mwaka 1971 darubini za redio zilisaidia kupata mahali pake hasa, pembeni mwa nyota kubwa ya buluu. Kufikia 1972, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, walikuwa wameonyesha kwamba nyota ile inayumbishwa huku na huku kila siku 5.6 na mwenza asiyeonekana. Walipokadiria uzito wa mwenza huyo, ukawa mkubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa nyota ya nyutroni. Kilichobaki kwenye orodha ya uwezekano kilikuwa kimoja. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa.

Vipimo vya karibuni, vya mwaka 2021, vinasema shimo hilo lina tungamo la majua 21 na liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 7,200. Na mzunguko wake? Kadirio ni zaidi ya asilimia 95 ya kiwango cha juu kabisa. Kiwango hicho cha juu kimewekwa na jawabu la Kerr. Ukipima kwa kutumia hesabu za Schwarzschild, za pia iliyolala, hupati kitu. Kwa hiyo shimo la kwanza ambalo binadamu waliliamini lilipatikana kwa setilaiti iliyorushwa Ngomeni, na linaelezwa na kurasa 2 za mtu aliyezungumza na watu waliosinzia katika wiki ileile tuliyopata bendera. Huo ndio uzi niliousema.

Sitaki kuupamba. Jina lilikuwa letu, setilaiti haikuwa yetu, na takwimu zilikwenda Massachusetts. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002, na aliistahili. Nilisoma shule za Pwani tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne na hakuna siku niliyowahi kusikia jina hilo likitajwa darasani. Tulifundishwa tu kwamba kuna "kituo cha Waitaliano", kama mtu anavyosema kuna hoteli ya Waitaliano, nazo ni nyingi.

Kerr alirudi Nyuzilandi mwaka 1971, mwaka uleule ambao Cygnus X-1 ilikuwa ikitoa siri zake. Akawa profesa wa hisabati Canterbury kwa miaka 22, akastaafu 1993. Hakuandika makala nyingi. Alicheza karata za bridge kwa kiwango cha taifa. Kwa muda mrefu jina lake lilijulikana zaidi kuliko yeye. Kuna watu waliodhani ameshafariki, kama tunavyodhani kuhusu kila mtu ambaye jina lake limekuwa jina la mlinganyo. Tuzo zilikuja akiwa mzee, kubwa ikiwa ya Crafoord mwaka 2016. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili yaliyogongana na kuwa moja, na mlio wa mwisho wa shimo jipya ulilingana na jometri yake.

Wanahisabati nao hawajamaliza naye. Swali moja lilibaki: shimo la Kerr likisukumwa kidogo, je, litatulia tena au litavurugika? Mwaka 2022 Elena Giorgi, Sergiu Klainerman na Jérémie Szeftel walitoa sehemu kubwa ya uthibitisho kwamba linatulia, kwa mashimo yanayozunguka polepole. Zaidi ya kurasa 900. Kwa mashimo yanayozunguka kasi, kama Cygnus X-1, kazi bado ipo, na nakiri kwamba ninaitamani kama mtoto anavyotamani kitu kilicho juu ya kabati.

Halafu, Desemba 2023, miaka 60 kamili baada ya Dallas, Kerr akiwa na umri wa miaka 89 alitoa makala mpya. Humo anahoji jambo ambalo karibu kila kitabu hulisema: kwamba ndani ya kila shimo jeusi lazima kuwe na mahali ambapo hesabu zote zinavunjika, singulariti. Imani hiyo inaegemea uthibitisho wa Penrose wa mwaka 1965, uliompatia Nobel mwaka 2020. Kerr hasemi kwamba Penrose alikosea hesabu. Anasema Penrose alithibitisha kwamba kuna miali ya mwanga ambayo njia yake ina urefu wenye kikomo, na watu wakaruka kutoka hapo hadi singulariti bila kuthibitisha mruko wenyewe. Kisha anatoa mfano kutoka jometri yake mwenyewe: miali ya namna hiyo inayoukaribia upeo wa shimo, na mwishoni mwake hakuna chochote kilichovunjika. Na pete yake je? Pete, anasema, ni mbadala wa nyota yenyewe, alama inayowekwa mahali pa kitu ambacho hatujui kilivyo.

Si wote waliokubali, na baadhi ya majibu niliyosoma yana nguvu. Nimeipitia makala hiyo mara nne. Kuna siku ninaona yuko sahihi, kuna siku ninaona anashindana na tafsiri ya neno tu. Lakini mkono wake ninautambua. Ni yuleyule wa mwaka 1963, anayepekua hadi kwenye hatua ambayo kila mtu ameiita dhahiri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Mambrui, na bado yu hai. Likizo iliyopita nilimwuliza kama anakumbuka roketi. Akasema anakumbuka radi bila mawingu, na moshi uliosimama juu ya bahari kama mnazi. Mwaka hajui. Roketi zilikuwa kadhaa na mimi siwezi kudai kwamba aliyoiona ni Uhuru, ingawa ningependa.

Nikamwambia kwamba moja ya vile vyuma vya Wataliano ilisaidia kupata shimo mbinguni.

"Shimo la nini?"

"Nyota iliyokufa, babu. Inavuta kila kitu kilicho karibu. Na inazunguka."

"Kama maji ya mkondo?"

"Kama maji ya mkondo. Ukiingia pale, hata uwe na mashine gani, kusimama huwezi. Lazima uzunguke nayo."

Alifikiri kidogo. Akasema hayo hayakuhitaji chuma. Nahodha yeyote angewaambia. Kisha akaniuliza masomo yangu yanaisha lini.